Mbita na Rusinga bila haraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Kisumu, Nakuru, Kericho na Kakamega wanaotaka kukaa siku mbili tatu kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, bila kukimbizana na saa. Anayezoea pwani ya Mombasa husahau kwamba ziwa halina maji kupwa na maji kujaa ya kumpangia siku. Kinachopanga siku Mbita ni upepo, na kinachopanga usiku ni mwezi. Ukivielewa hivi viwili, mengine utayapata kwa kuuliza tu.

Mbita iko wapi, na Rusinga ni kisiwa kweli kama gari linafika?

Mbita ni mji mdogo wa wavuvi katika Kaunti ya Homa Bay, pale ghuba ya Winam inapofunguka kuingia ziwa kuu. Rusinga iko ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji, na ni kisiwa kweli: urefu wake ni kama kilomita 16, upana kama 5. Zamani watu walivuka kwa mashua. Miaka ya 1980 lilijengwa tuta la mawe na udongo, magari yakaanza kupita, lakini maji yakazuiwa. Upande mmoja yakadorora, gugu maji likakusanyika, na samaki wakakosa njia yao. Tuta hilo baadaye lilipisha daraja ambalo maji hupita chini yake. Simama katikati ya daraja asubuhi utazame chini: mkondo unaonekana wazi, na ndio uliokosekana miaka yote ile.

Tunafikaje kutoka Kisumu?

Njia ya kawaida ni Kisumu, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha Mbita. Ni takriban kilomita 150, lami mwanzo hadi mwisho. Kwa gari lako tenga saa tatu na nusu ukihesabu na kusimama kunywa chai. Kwa matatu mara nyingi utabadilisha Homa Bay, na hapo ndipo muda hupotea, kwa sababu gari la Mbita husubiri lijae. Toka Kisumu saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Ukichelewa hadi mchana utafika Mbita jioni umechoka, na jioni ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote.

Njia ya pili ni ya upande wa Siaya: Kisumu, Kisian, Ndori, hadi Lwanda K'Otieno, halafu kivuko cha magari kuelekea Mbita. Kuvuka huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Ratiba ya kivuko hubadilika, kwa hiyo iulize jana yake jioni, usitegemee karatasi ya mwaka jana. Mwenye gari afike mapema apange foleni, kwani nafasi ya magari ni chache na lori moja la bidhaa hula nafasi ya magari madogo matatu au manne.

Ushauri wetu ni kwenda kwa barabara na kurudi kwa kivuko. Utazunguka ghuba nzima bila kurudia njia.

Na kutoka Nakuru?

Mau Summit, Kericho, Kapsoit, Sondu, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Huna haja ya kuingia Kisumu. Ni safari ya siku, basi lala Mbita usiku huo na usipange boti hadi kesho yake. Kutoka baridi ya Mau hadi joto la ziwa, lililo mita 1,134 hivi juu ya bahari, mwili unahitaji usiku mmoja wa kuzoea. Maji ya kunywa yawe mengi garini.

Twende mwezi gani?

Swali hili lina sehemu tatu: mvua, omena (dagaa wa ziwani) na mwezi wa angani.

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hata msimu wa mvua, asubuhi nyingi huwa kavu, na mvua huja alasiri au usiku pamoja na radi. Januari, Februari na miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo tulivu zaidi kwa kutembea.

Uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane. Ukienda wakati huo, fuo za kuanikia huwa tupu na taa za usiku hazipo. Wengi hufika Juni kwa sababu ya likizo, wakarudi wakisema taa walizosimuliwa hawakuziona. Taa zipo kweli, ila wao walifika mwezi uliofungwa.

Sasa mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa zinazoelea majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa mwezi unapojaa. Anayetaka kuona ziwa limewaka taa kama mji ulioko majini achague usiku wa giza. Kalenda ya Kiislamu inarahisisha hesabu: kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 4 au 5 ya mwezi unaofuata ni giza zuri, na tarehe 13 hadi 16 ni mbalamwezi. Anayependa kukaa ufuoni usiku bila tochi naye achague hizo za mwisho. Zote mbili ni nzuri. Ubaya ni kutojua unaendea ipi.

Siku ngapi zinatosha?

Mbili kwa Mbita na Rusinga, tatu ukiongeza kisiwa cha Mfangano. Siku moja kutoka Kisumu na kurudi inawezekana, lakini utakuwa umeona barabara kuliko ziwa.

Mpango usiochosha ni huu. Siku ya kwanza fika adhuhuri, kula, lala kidogo, kisha kuanzia saa kumi tembea mjini na ufuoni mpaka jua lizame. Huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, kutegemea mwezi. Siku ya pili boti alfajiri, kaburi la Tom Mboya na mzunguko wa Rusinga kabla ya saa sita, mchana kivulini, jioni omena. Siku ya tatu ni Mfangano au kurudi polepole.

Saa gani ni salama kupanda boti?

Asubuhi. Usiku nchi kavu hupoa, na upepo mwepesi huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, kwa hiyo alfajiri ziwa huwa limelala. Jua likipanda, ardhi hupata joto kabla ya maji, na kuanzia saa saba au saa nane mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yamekaribiana: boti haipati muda wa kupanda na kushuka, huyapiga moja baada ya jingine, na wanaokaa mbele hulowa. Mlango kati ya Rusinga na Mfangano uko wazi kwa ziwa kuu na huchafuka kabla ya maji ya ndani ya ghuba.

Kanuni rahisi: ondoka saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na kabla ya saa saba uwe umeshuka. Ukiona upande wa ziwa kuu mawingu meusi yenye pazia la mvua chini yake, usingoje yafike. Dhoruba za hapa huja kwa dakika chache. Nahodha akisema tusubiri, subiri. Anayemshinikiza kwa kuongeza pesa anahatarisha boti nzima.

Nitajuaje boti ni nzuri?

Chukua boti kupitia kamati ya bichi, yaani BMU, ambayo huwajua wenye boti na manahodha wao. Kisha jionee mwenyewe kabla ya kulipa.

Kwanza jaketi okozi: moja kwa kila mtu, la ukubwa wake, lenye vifungo vinavyofunga. Mvalishe mtoto kisha uliinue kwa mabegani. Likimpita masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. Livaeni toka ufuoni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu boti inapopinduka.

Pili, watu wote wakishapanda, ukingo wa boti uwe umebaki angalau shubiri mbili juu ya maji. Chini ya hapo, wimbi la kawaida la mchana linaingia ndani.

Tatu, tazama sakafu. Maji kidogo kwenye boti ya mbao ni kawaida, kwa maana mbao huvuja kidogo kwenye maungio. Yakifika kwenye vifundo vya miguu kabla hamjaondoka, tafuta nyingine. Mkebe wa kutolea maji lazima uwepo.

Nne ni injini. Ikishawaka, utaona kijito chembamba cha maji kikiruka nyuma yake. Hayo ndiyo maji ya kupoza injini. Kikikatika safarini, mara nyingi gugu maji limeziba tundu la kuvutia maji, na injini ikiendelea kukimbia itaungua. Nahodha mzuri huzima papo hapo, huiinua, hung'oa majani na kuwasha tena. Muulize kama ana plagi ya akiba na spana yake, pini ya akiba ya pangaboi, na kasia mbili. Mwenye vitu hivyo hukuonyesha bila kunung'unika.

Bei ikoje?

Boti ya abiria ya kwenda Mfangano hulipwa kwa kichwa, kwa nauli inayojulikana na kila mtu. Muulize mama aliyekaa karibu nawe analipa ngapi. Boti ya kukodi hupangwa kwa mafuta. Injini ya nguvu za farasi 15 ikienda kasi yote hunywa kama lita 6 za petroli kwa saa, hivyo safari yenye saa tatu za mwendo ni kama lita 18. Zidisha kwa bei ya petroli ya siku hiyo, ongeza ujira wa nahodha na msaidizi wake na fungu la mwenye boti, na utakuwa karibu na bei ya haki. Waambie mnataka mwendo wa pole, mafuta yatapungua na mtaona ndege zaidi.

Patana mambo matatu kabla ya kupanda: bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, inajumuisha kusubiri saa ngapi, na nani analipa mafuta mkibadilisha njia. Ugomvi mwingi huzuka kwenye kusubiri. Lipa nusu ya kununulia mafuta, nusu mkirudi. M-Pesa hutumika kila mahali, ila beba noti ndogo kwa ajili ya visiwani, ambako mtandao hupotea nyuma ya milima.

Mzazi wangu ana miaka zaidi ya sabini. Ataweza?

Rusinga ataiweza yote, kwa sababu gari linafika. Kwa boti, ugumu uko kwenye kupanda na kushuka. Fuo nyingi hazina gati, boti husimama maji yakifika magotini, na vijana hubeba abiria mgongoni kwa malipo madogo. Mzee mwenye maumivu ya nyonga asibebwe mgongoni. Ulizia bichi yenye gati, au ombeni boti isogezwe ubavu kwenye mawe na apewe kiti cha kukanyagia. Akae katikati ya boti kuelekea nyuma, maana mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Asubuhi tu, na kofia yenye kamba, kwa kuwa jua la majini humpiga mtu kutoka juu na kutoka chini.

Kaburi la Tom Mboya linaonekanaje, na tufanyeje pale?

Liko Kasawanga, Rusinga, na jengo lake limejengwa kwa umbo la risasi. Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, lakini asili ya ukoo wake ni Rusinga. Aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri wa mipango ya uchumi, na hakuwa ametimiza miaka 39. Kuanzia mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa waliopanga safari za ndege zilizopeleka mamia ya vijana wa Kenya kusoma Marekani. Ndani kuna picha na vitu vyake, na inafaa kutulia mbele ya kila picha.

Ni makumbusho, na ni kaburi pia. Ingieni kwa sauti ya chini, wavue kofia wanaovaa, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Mwachie mtunzaji asimulie kwa mpangilio wake. Ukimkatiza kwa maswali ya siasa za leo utakosa ya mwaka 1969. Saa moja inatosha, na ikizidi si hasara.

Kuna mabaki ya viumbe wa kale Rusinga?

Yapo, na kisiwa hiki kinajulikana duniani kwa hayo. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey alipata hapa fuvu la nyani wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Kwa muda mrefu aliitwa Proconsul. Aina hiyo ilipewa jina la heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya uchimbaji na akina Leakey miaka mingi, na tangu 2015 wanasayansi wanamwita Ekembo heseloni. Mabaki ya hapa yalihifadhika vizuri kwa sababu ya volkano ya kale ya Kisingiri, ambayo majivu yake yalifunika misitu, wadudu, matunda hata majani.

Mvua ikinyesha, vipande vya mifupa na mbegu zilizogeuka mawe hufichuka kwenye miteremko ya vilima kama Hiwegi. Usiokote. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakataza, na kipande kikishaondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti kilitoka tabaka gani, hivyo thamani yake inakwisha. Piga picha, weka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, mwonyeshe mwenyeji wako mahali, kisha ukiache.

Mfangano ina nini ambacho Rusinga haina?

Milima mirefu, njia nyembamba za miguu, lugha ya Olusuba ambayo wazee bado wanaizungumza, na michoro ya miamba. Boti kutoka Mbita huchukua kama saa moja hadi moja na nusu, na nyingi hutia nanga Sena.

Michoro iko sehemu mbili: pango la Mawanga na jabali la Kwitone lililoko juu mlimani. Ni miduara ndani ya miduara na mistari kama miali, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohesabiwa kuwa kazi ya Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Wasuba na Waluo. Wazee wa ukoo huhusisha mahali hapo na kuombea mvua. Kwa hiyo usipande mwenyewe. Anzia kwenye Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, upewe mwongozaji na ulipe kiingilio, maana fedha hizo ndizo zinazolinda jabali. Kwitone ni kupanda kwa jasho. Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu na uvae viatu vinavyoshika mawe.

Ukifika jabalini, simama hatua mbili nyuma ungoje macho yazoee kivuli. Mwanzoni utaona doa jekundu tu. Baada ya dakika moja hivi duara la pili linajitokeza nje ya la kwanza, kisha la tatu, na weupe kati yao. Usimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha: maji huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe, chumvi ikikauka hubandua rangi. Usiguse pia, mafuta ya vidole hubaki.

Anayeweza alale Mfangano usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku moja kunakurudisha kwenye upepo wa mchana.

Na Takawiri? Na Migingo?

Takawiri ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na mitende, kizuri kwa kupitisha asubuhi ukiwa njiani kwenda au kutoka Mfangano. Beba chakula na maji. Migingo si mahali pa matembezi: ni mwamba mdogo uliosongamana mabati, uko mbali, na Kenya na Uganda zimekuwa zikiugombania.

Tunaweza kuogelea?

Kichocho kipo ziwani, hili lisemwe wazi. Konokono wanaobeba viluwiluwi vya ugonjwa huo hukaa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, na hasa karibu na mahali watu wanapofulia na kuoga. Viluwiluwi hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne hadi saa nane mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Anayetaka maji kwa lazima aruke kutoka botini kwenye kina, mbali na majani, akiwa na jaketi okozi. Hatari hupungua, haiishi. Ukitoka, jikaushe kwa taulo kwa nguvu papo hapo. Wiki sita hadi nane baadaye nenda upimwe hospitalini, kwani kupima mapema mno hakuonyeshi kitu. Dawa ipo, ni vidonge vya praziquantel, na daktari hutoa kiasi kwa uzito wa mtu.

Watoto wachanga na wadogo wachezee mchanga tu.

Viboko je?

Wapo, na mamba pia. Kiboko hukaa majini mchana na hupanda nchi kavu usiku kula nyasi, akipita njia ile ile. Hatari ni kusimama kati yake na maji. Baada ya jua kuzama usitembee ufuoni penye matete, hata kwa tochi. Kwenye boti, ukiona masikio na pua juu ya maji, nahodha azunguke mbali. Mchana kwenye mawe utaona mengine ya kufurahisha: fisi maji wakiogelea mgongo ukimeta, furukombe akilia juu ya mti, yangeyange na minandi wamejaa kwenye mwamba wa ndege hadi mwamba wenyewe umekuwa mweupe.

Mbu na wale wadudu kama moshi?

Moshi unaosimama juu ya ziwa kama nguzo ni makundi ya nzi wa ziwa. Hawaumi. Huonekana zaidi karibu na mwezi mwandamo, na huvutwa na taa, kwa hiyo zima taa ya nje na ufunge dirisha kabla ya Magharibi. Mbu ndio wa kuogopa: eneo la ziwa lina malaria nyingi. Watu wa Nakuru na Kericho hawana kinga ya mwili waliyo nayo wenyeji, kwa hiyo muone daktari kuhusu dawa ya kuzuia kabla ya safari, na ulale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo, na umtajie mhudumu ulikotoka.

Tule nini, na wapi?

Vibanda karibu na bichi na soko ndivyo vyenye samaki wa siku hiyo. Agiza kabla ya kwenda kutembea, kwa maana samaki hukaangwa ukishaagiza, na pamoja na ugali ni kama dakika 45. Mtazame kabla hajaingia mafutani: jicho liwe limejaa na angavu, mashavu ndani yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Jicho lililozama na mashavu ya kahawia ni samaki wa juzi. Ngege (tilapia) mmoja wa gramu 400 au 500 humtosha mtu mmoja. Mbuta (sangara) huuzwa vipande, na kipande cha karibu na kichwa kina mafuta na ladha kuliko cha mkiani. Ngege wengi siku hizi hutoka kwenye vizimba vinavyoelea, utaviona ukiwa botini, na si wabaya, ila wa nyavu wana nyama ngumu zaidi kidogo. Kamilisha kwa osuga au akeyo, mboga za majani zilizolazwa kwenye maziwa. Ukikuta obambla, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani, omba apikwe kwa moto mdogo.

Nataka kununua omena wa kupeleka nyumbani. Nichague vipi?

Nenda asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Boti huingia alfajiri, na akina mama huwatandaza omena kwenye nyavu kuukuu zilizolazwa juu ya nyasi au mawe, tabaka moja, kisha huwageuza kwa mikono au fagio. Jua likiwa kali hukauka siku moja.

Okota mmoja umweke kiganjani. Aliyekauka vizuri anang'aa kama fedha, mgongo una rangi ya kijivu-kijani, na ukimkunja anavunjika kwa mlio mdogo. Akikunjika bila kuvunjika bado ana maji, na ndani ya gunia ataota ukungu. Aliyenyeshewa hugeuka kahawia na hupikwa akiwa mchungu, kwa sababu hukaa na unyevu na kuanza kuoza kabla ya kukauka. Mwisho sugua wachache kati ya viganja: mchanga ukibaki mkononi, walianikwa chini bila wavu.

Hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia. Tazama gorogoro lisiwe limebonyezwa kitako, na mwongeze mama shukrani badala ya kumkata bei hadi chini, maana mvua moja tu humharibia mzigo wa siku. Beba kwenye gunia au kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na hata ingeruhusiwa omena hutoka jasho ndani yake. Nyumbani waanike tena saa mbili. Kabla ya kupika, waoshe kwa maji moto mara tatu, wachuje, wakaange wakauke, ndipo uweke vitunguu na nyanya.

Wazazi wetu husimulia meli za zamani. Kuna kilichobaki?

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi meli za reli zilizunguka ghuba zikichukua watu, pamba na mahindi Kendu Bay na Homa Bay. Moja iliitwa kwa jina la kisiwa hiki, Rusinga. Barabara na matatu ziliua safari zile. Kilichobaki ni vitu vidogo. Kaa karibu na maji Mbita jioni, utaona boti za mbao zenye majina yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni, nyingine bado zina tanga la kitambaa kilichoungwaungwa, na fundi anaziba maungio ya mbao kwa pamba. Mletee mzee wako kiti akae hapo, mwombe akuambie kila kitu kinaitwaje kwa Kidholuo, na urekodi kwenye simu. Hilo ni zuri kuliko kituo chochote cha watalii.

Adabu gani ni muhimu?

Salimia kwanza. Asubuhi ni *oyawore*, alasiri na jioni *oimore*, asante ni *erokamano*. Mkubwa mwite baba, mama au mzee, na mwendesha boti nahodha. Usipige picha ya wanaoanika omena au wanaooga ziwani bila ruhusa, na usikanyage nyavu zilizotandazwa. Mavazi ya kuogelea ni ya majini tu, si ya sokoni.

Tuna nusu siku ya ziada. Twende wapi?

Hifadhi ya Taifa ya Ruma iko bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120, na ndiyo makao pekee ya swala aitwaye korongo yaliyobaki Kenya. Usivae buluu wala nyeusi, kwani rangi hizo huvuta mbung'o.

Anayerudi kwa barabara asimame Kendu Bay kuona ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi, na wakati mwingine lina heroe. Wenyeji husimulia juu ya bibi kizee aliyenyimwa hifadhi kwenye sherehe, usiku kijiji kikazama. Nusu saa kulizunguka kwa miguu, kisha Kisumu kabla ya giza.

Anayerudi kwa kivuko awe gatini Mbita saa moja kabla, akae upande wa kivuli wa sitaha ili jua lisimpige usoni, na aweke nauli ya matatu ya Ndori mfukoni kando, maana Lwanda K'Otieno magari huondoka mara tu kivuko kinapotia nanga na hayangoji anayetafuta chenji.